Rasimu ya Mama Dorothea

Marehemu alikuwa amekaa barazani kwake Mkonze, Jumamosi asubuhi, anapuliza uji wa ulezi upoe. Munir alimwona tokea getini, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Ua ulijaa watu. Ndugu wa Mzee Thobias walikuwa wamekodi lori kutoka Haneti tangu Alhamisi, wakaja kuzika. Walipomkuta mzima, kilio kiligeuka vigelegele, na mbuzi wa matanga akaliwa kwa shangwe. Mpaka leo walikuwa hawajaondoka. Nani aondoke penye nyama?

Kilichowaleta kilikuwa tovuti ya taasisi ya mbegu, ile iliyonusurika kubinafsishwa, ambayo Mzee Thobias ndiye mkurugenzi wake. Alhamisi saa tatu asubuhi, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, ilitokea taarifa kwamba mkurugenzi hatunaye tena. Ilikaa pale saa mbili nzima. Mzee alikuwa likizo, likizo yake ya tatu mwaka huo, na simu alikuwa ameizima. Kufikia adhuhuri Dodoma nzima ilikuwa imeshamlilia.

Kumbukumbu za tovuti zilitaja jina la mwandishi: Dorothea, karani mkuu, mwenye jukumu la matangazo. Alikuwa na miaka thelathini kazini, na miwili tu imebaki astaafu. Ijumaa naibu mkurugenzi, Bwana Anyitike, alimsimamisha mbele ya kamati.

"Taarifa hii ni yako?"

"Iko kwenye jina langu," alisema Dorothea.

"Kwa hiyo ulikuwa unamwombea mkurugenzi kifo?"

Mama Dorothea aliinamisha kichwa. "Sina la kusema, Bwana Naibu."

Akapewa mpaka Jumatatu ajieleze kwa maandishi, la sivyo akabidhi ofisi.

Munir, fundi wa tovuti aliyeajiriwa kwa mkataba, alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Alijua jambo ambalo kamati haikulijua. Mfumo wa tovuti ulikuwa na adabu yake: rasimu haionekani na mtu wa nje mpaka mwenyewe abofye "Chapisha". Lakini Alhamisi hiyohiyo asubuhi Munir alikuwa ameweka kiolezo kipya cha ukurasa wa kwanza, kile kinachoamua nini kionekane na wapi. Humo alichomeka amri za fremuweki yake ya PHP, ule mkusanyiko wa amri zilizoandikwa tayari, aliyoipenda kupita kiasi, kwa sababu mstari wake mmoja ulimwepushia kuandika mistari ishirini. Mstari huo haukubisha hodi. Uliuruka mfumo, ukaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata, ukazoa kila tangazo, lililochapishwa na lisilochapishwa.

Kwenye majaribio kosa halikuonekana, maana hakuwahi kufikiria kwamba humo kungekuwa na rasimu. Mama Dorothea hakuwa mtu wa rasimu. Aliandika kwa kalamu, akapeleka karatasi kwa mkurugenzi isainiwe, ndipo akachapa na kubofya papo hapo. Miezi tisa Munir hakumwona akiacha tangazo njiani. Rasimu hii moja ilikuwa imelala humo wiki tatu.

Alishalisahihisha kosa kimyakimya, kwa sharti moja fupi la kuzuia rasimu, na hakuna aliyemwona. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Angenyamaza, nani angejua? Lakini kumtazama yule mama akikusanya vikombe vyake masijala kulimuumiza, akamfuata.

"Mama, kosa ni langu. Wewe uliiandika tu, hukuitoa."

"Iache, mwanangu."

"Watakufukuza."

"Nimesema iache. Na mzee usiende kumsumbua." Alisema hivyo huku machozi yakimlengalenga, akageukia kabati la majalada.

Munir hakumsikiliza. Ndiyo maana Jumamosi hii alikuwa hapa, anavuka ua katikati ya watu wanaotafuna.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Munir. Karibu unywe uji na maiti."

Watu waliokuwa karibu waliangua kicheko. Munir alishindwa hata kutabasamu. Akaomba waongee faragha, na mzee akainuka taratibu, shati likimpwaya mabegani, akamwongoza mpaka nyuma ya tangi la maji. Huko Munir alimwaga yote: kiolezo, ule mstari, rasimu ambayo haikupaswa kuonekana, na kosa alilolificha. Mkataba wake uvunjwe kama ni lazima, alisema, ila mama asiguswe.

Mzee alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Taarifa yenyewe uliisoma?"

"Niliisoma, mzee."

"Ilikuwa na kosa lolote la kuandika?"

Munir alichanganyikiwa. "Hapana. Ilikuwa nzuri tu, samahani kusema hivyo. Watoto wote walitajwa, mpaka yule aliyefariki mdogo. Mzee, mama amekukosea kukuandikia vile ukiwa hai, silipingi hilo. Lakini hana roho mbaya. Labda alitaka tu kujiandaa mapema. Nakuomba umsamehe." Sauti ilimpanda bila yeye kujua, na wanawake waliokuwa mekoni wakageuka kuwatazama.

Mzee Thobias akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Dorothea aliniazima kiti chake na kompyuta mchana mmoja, akatoka nje," alisema. "Yale maneno ni yangu. Daktari ndiye aliyeniambia nijiandae mapema. Sasa punguza sauti, mke wangu bado anashangilia."