Vidole vya Mama wa Ruvu

Damiani alilivuta shuka, sanamu ikaonekana: mama amebeba mtoto mgongoni, mkono wa kulia ameunyoosha, kiganja wazi.

Miezi minne alikuwa akilichonga gogo lile la mkangazi, akiifuata hadithi ambayo bibi yake alimsimulia tangu utotoni, hapahapa Matombo. Hapo kale mama mmoja alivuka mto Ruvu umefurika, pacha mmoja mgongoni, wa pili kamshika mkono. Maji yakampokonya yule wa mkononi. Akafika ng'ambo, kwa watu wasiomjua, na mtoto mmoja.

"Umeionaje, bibi? Wiki ijayo inakwenda kwenye maonyesho mjini."

Bibi, ambaye humwita "mume wangu" na kumtania kutwa nzima, safari hii hakutania. Aliupapasa ule mkono wa mti mpaka kwenye ncha za vidole.

"Hapa umekosea."

"Wapi, bibi?"

"Maji hayakumpokonya."

Akanyoosha mkono wake mwenyewe, vidole amevikunja kana kwamba ameshika kitu kidogo. Kisha akavifungua kimoja kimoja, polepole. Kile cha mwisho kilisita kabla hakijaachia.

"Ilikuwa hivi," alisema. "Nisingewafikisha wote."

Patasi ikamponyoka Damiani.

Kizingitini, mama yake, aliyekuwa akimenya ndizi, aliweka kisu chini.

"Mama," alimwuliza bibi, "kumbe tulikuwa wawili?"