Shamba Lilipomchagua Nakijwa

Siku hizi huko Upare, mtu akifa, shamba lenyewe ndilo humchagua mrithi. Siku ya mavuno lango hufungwa, na humfungukia yule tu ambaye udongo unamtambua.

Mume wa Nakijwa alipofariki, shemeji yake Mchome alilitaka shamba. Msimu mzima alimwaga mbolea ya dukani kwenye nusu aliyoilima yeye. Nakijwa alijitwika samadi ya mbuzi, akaifukia kwenye nusu yake, akavumilia kuitwa Mama Mavi.

"Tangulia, shemeji," Nakijwa alimwambia langoni siku ya mavuno.

Mchome aligusa lango, likatulia tu. Nakijwa alipoligusa, likafunguka papo hapo. Akaingia, akang'oa shina la maharage, akalinyanyua wote waone: mizizi imejaa vifundo vya rutuba, akapasua kimoja, chekundu ndani kama nyama, na minyoo inaning'inia kwenye udongo laini.

"Basi, shemeji. Ni lako," Mchome alisema, akavua kofia.

Wanawake nje wakapiga vigelegele. Nakijwa akajaza kanga maharage mabichi ya kuwapikia, akarudi langoni anacheka, akakuta limejifunga.

Akaligusa. Akaligusa tena, halikufunguka. Chini ya nyayo zake udongo ulikuwa na joto, laini, wala haukuwa na haraka ya kumwachia.