Moshi wa Pango la Kipsing

"Weusi huo kwenye dari ya pango ni moshi wa watu wa kale," niliwaambia wageni, kama ninavyowaambia wote. "Miaka elfu tatu."

Wakainua simu, wakapiga picha.

Akolong, mama mzee kutoka Ngaremara aliyekuwa amefuatana nasi, hakutazama juu. "Huo moshi ni wangu, kijana," alisema. "Tulijificha hapa mwaka ule wa wezi wa ng'ombe. Nilikuwa nikimchemshia mtoto maziwa."

Wageni wakacheka. Nami nikacheka.

Akafungua fundo la leso, akachota tumbaku, akainyunyiza juu ya rundo dogo la mawe lililokuwa pembeni, taratibu, kama Waturkana wanavyofanya kaburini.

Hayo ndiyo mawe ninayowaambia wageni wakalie nikiwapiga picha.