Mtungi wa Jirani

Jirani alimaliza glasi kwa mkupuo mmoja. "Haki, Ngendo, maji yako ni matamu! Mbona hayo natekanga kwa kisima chako yananuka?"

Ngendo aliuvuta mlango wa jikoni, mfereji mpya wa maji ya kaunti usionekane. Alikuwa ameuingiza mfereji huo kimyakimya, tumbo lilipomkataza maji ya kisima. Lakini kisima hicho kilibarikiwa na pasta, na mtaa mzima wa Kimbo ulimsikia Ngendo akiapa kwamba maji ya kaunti hatayaonja.

"Pengine ni mtungi wako," alisema.

Jirani aliutazama mtungi wake wa manjano, akainama kwa aibu. "Ai! Na vile mtoto amehara wiki nzima. Kumbe ni mimi."

Akausugua kwa mchanga mpaka vidole vikawa vyekundu.

Kisha Ngendo akamfunulia kisima, ateke.