Ukuta wa Kulinda Maharagwe

Jiwe liliteleza, likamponda Nazario kidole cha mguu. Aliliinua tena, akaingia nalo mtoni, akalipachika juu ya yale ya jana.

Ng'ambo, kwenye baraza jipya, Adriano mpimaji viwanja alikuwa akinywa chai.

"We Mtanzania! Toka Gitega umenifuata mpaka huku Muyinga?"

"Njaa ndiyo imenileta, shefu. Nimekodi kishamba. Nazuia maji yasibebe maharagwe."

"Vizuri. Sasa umejua mto ni kitu gani."

Alikuwa ameujua tangu Giheta, kule Gitega. Huko Adriano alivuta kamba ya kupimia kutoka ukingoni mpaka mlangoni pa Nazario: mita ishirini na tatu. Sheria inataka ishirini na tano. Nazario akamwonyesha karatasi ya ruhusa, yenye muhuri.

"Mi sipimi karatasi," Adriano alisema. "Mi napima mto."

Akachora alama nyekundu ya kubomoa. Tingatinga likaja. Emiliana, mke wa Nazario, alilala chini ya turubai akikohoa. Mvua ilipokwisha, Emiliana naye alikuwa amekwisha.

Nyumba hii mpya ya Adriano ilikuwa mita ishirini na sita kutoka majini. Aliipima mwenyewe, mara mbili.

Misimu miwili ya mvua ikapita. Nazario alibeba mawe asubuhi, akabeba jioni. Ukuta ukatoka ukingoni kwake, ukaingia mtoni kama kiwiko. Maji yaliugonga, yakageukia ng'ambo na povu lake. Watu wa pale Gasorwe walimhurumia: mzee mzima anajiua kwa vijishina vya maharagwe!

Adriano alipostaafu, akaletwa mpimaji mpya, Raissa, kukagua nyumba zote za bondeni. Akavuta kamba mpaka kwenye lile baraza la Adriano.

"Ishirini na tatu na nusu."

"Haiwezekani, sha! Ruhusa iko, muhuri iko! Nyumba imetembea?"

"Baba, mi napima mto," Raissa alisema, akafungua kopo la rangi nyekundu.

Ng'ambo, Nazario alikuwa ameketi juu ya ukuta wake, akinawa miguu.

Raissa alipomaliza, akavuka daraja la miti kumuuliza yule mzee kama maharagwe yamepona. Akachungulia nyuma ya ukuta.

Nyasi, mpaka kiunoni. Jembe halikuwahi kugusa pale.