Faili la Mashine ya Mabati

Mkaguzi wa usalama alipouliza kama kuna mfanyakazi aliyewahi kulalamika kuhusu mashine ya kukatia mabati, meneja alijibu bila kusita, "Hapana, mheshimiwa. Hapa sisi ni familia moja."

Karani, aliyekaa pembeni akiandika mazungumzo, aliacha kuandika.

Barua zilikuwepo tatu, zote kuhusu kinga ya kisu iliyong'oka. Aliyezileta ni fundi wa mashine hiyo, mama mtu mzima mwenye utani mwingi. Mara ya mwisho alicheka, akasema, "Mwanangu, mwambie bosi vidole vyangu havina spea."

Karani alimpelekea meneja kila barua. Kila mara aliambiwa, "Weka kwenye faili, tutaona." Akaweka.

Jana kisu kilimkata mama huyo vidole vitatu.

Tangu hapo karani hakulia wala hakukasirika. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mkono uliolaliwa.

"Andika basi," meneja alimhimiza. "Hakuna malalamiko."

Karani alitazama wino wa muhuri uliokaukia chini ya ukucha wake. Kisha akainuka, akafungua kabati, akaliweka faili mbele ya mkaguzi.

Mkaguzi alisoma barua zote taratibu.

"Nani alizipokea?"

"Mimi."

"Ukampa nani?"

"Meneja."

Meneja alianza kusema neno, mkaguzi akamnyamazisha kwa kiganja.

"Na baada ya hii ya tatu, ulimwambia nani mwingine?"

"Hakuna," karani alisema. "Ilikuwa saa ya chakula. Nikaenda kula."