Mhakiki Asiye na Jina

Profesa alikuwa amefika ukurasa wa tatu wa kejeli na bado hajamaliza kuuponda utangulizi. Aliandika kwa vidole viwili, akicheka peke yake.

Jarida lilikuwa limemtumia makala aihakiki. Kama kawaida, majina ya waandishi yalifutwa na la mhakiki lingefichwa. Hata mhariri hakujua nani kaandika nini mpaka mambo yaishe. Lakini Profesa hakuhitaji kuambiwa. Milinganyo mirefu namna ile, majigambo namna ile? Huyo ni Kipara tu.

Kipara alikuwa jirani yake wa ofisi, na hasimu wake tangu enzi za nywele. Wote wawili walikuwa wanastaafu mwaka huo, na idara ilibakiza chumba kimoja cha wazee, kile cha kona, chenye dirisha na ubao mkubwa. Angekipata yule ambaye makala yake ingekubaliwa kwanza. Mwingine akalee wajukuu.

Profesa hakuwa mtu wa wajukuu. Maisha yake yote alikaa kwenye kiti akigombana na ulimwengu, na ulimwengu haukumjibu hata siku moja. Alikosea mara nyingi, tena kwa heshima zote na mshahara juu. Kukosea hakukumtisha. Kukosa ubao ndiko kulikomtisha, na kulimtisha kweli.

Makala yake mwenyewe ilikuwa imeshatumwa kitambo. Kazi ilifanywa na mwanafunzi wake wa uzamivu, binti mpole ambaye yeye alimwita Kimya, na kwa desturi ya idara jina la Profesa likatangulia. Kimya alipomletea tamko la waandishi, la kuthibitisha kwamba kila mmoja ameisoma makala yote, Profesa alitia sahihi huku anaongea na simu. Binti akabaki amesimama pale kama ana la kuuliza.

"Ondoa wasiwasi, mwanangu," Profesa alimwambia. "Jina langu peke yake linafungua milango."

Basi sasa alikuwa anamfungia Kipara mlango. Aliisoma makala ile neno kwa neno, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu kwa miaka. Kwenye ukurasa wa nane akakuta wazo zuri, zuri kweli, mpaka likamuuma roho. Akaliruka. Akaandika kwamba ni dhahiri mwandishi hakuisoma kazi yake kabla ya kuituma, na kwamba badala ya kuhangaika na mwanzo wa muda, jambo ambalo idara za fizikia dunia nzima zinahangaika nalo, aende sokoni akauze vitunguu.

Mkewe alisikia vicheko, akachungulia mlangoni na kikombe cha chai. Akamuuliza anamteta nani hivyo.

"Mtu mmoja asiye na jina."

"Baba watoto, na huyo naye ana watu wanaomtegemea."

Profesa akasema sayansi haina huruma, akabonyeza kutuma, akanywa chai yake kwa raha zote.

Wiki zile alitembea kifua mbele. Alipima ukuta wa chumba cha kona aone rafu zake zitakaa wapi. Akikutana na Kipara kwenye korido alimuulizia hali kwa upole uliomtia mwenzake wasiwasi.

Ndipo asubuhi moja Kimya akaingia bila kubisha hodi, macho mekundu, simu mkononi. Hakuketi.

"Wametukataa, Profesa. Wanasema tukauze vitunguu."



"Bila makala hii sihitimu," Kimya akasema. "Wewe uliisoma yote kabla ya kutia sahihi. Niambie ukweli tu, tulikosea wapi?"